Usivue Usichoweza Kuvika: Kutoa Rangi ya Zamani kwenye Peugeot 504

Bati la chuma ukilivua rangi saa tatu asubuhi hapa Mombasa, ukipitisha kitambaa cheupe juu yake alasiri kitarudi na wekundu. Hiyo ni kutu tayari. Hewa ya bahari haina subira. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mafundi wengi wakifundisha kazi hii huanza na zana na kuishia kwenye bati linalong'aa, kana kwamba kung'aa ndiko kumaliza. Kwangu mimi, bati likishang'aa ndipo hatari inapoanza.

Gari langu ni 504 salooni ya 1977, iliyokuwa ya mjomba wangu. Ilikaa chini ya mkungu miaka 11. Mara ya kwanza nilipoivua niliita vijana wawili, tukakodi grainda mbili, na kwa siku mbili na nusu tukaiacha tupu kuanzia boneti hadi buti. Tukapiga picha. Majirani wakaja kuitazama. Kisha pesa za praima, ile rangi ya msingi inayotangulia juu ya bati, zikachelewa, mvua ya vuli ikaingia kwa ubavu chini ya turubai, na siku ya tisa gari zima lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa. Nikaanza upya, safari hii kipande kwa kipande, na kanuni moja tu kichwani: usivue usichoweza kuvika siku hiyohiyo. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kuifuata kanuni hiyo.

Naizungumzia 504 kwa kuwa ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu, na pia kwa kuwa bado zipo mitaani. Ilitoka 1968. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Salooni ilikoma kutengenezwa Ufaransa 1983, lakini pikapu ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, kwa hiyo fundi bodi yeyote mwenye mvi amewahi kunyoosha madigadi ya Pijo. Ukiwa na Datsun au Volkswagen ya kobe, mengi ya hapa yatakufaa. Land Rover ya zamani ina habari yake, nitaigusa mbele.

Kwanza uliza kama inahitaji kuvuliwa

Si kila rangi kuukuu lazima itoke. Rangi iliyopauka lakini imeshika bati sawasawa ni msingi mzuri kuliko wowote utakaoununua dukani. Ikwaruze kwa msasa namba 320 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) na upake juu yake. Kuvua ni kwa rangi iliyopasuka kama udongo wa mto uliokauka, iliyotoa malengelenge, inayobanduka kwa kucha, au iliyorundikwa tabaka juu ya tabaka hadi milango haifungi vizuri.

Vipimo vitatu vitakupa jibu kabla hujatumia shilingi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze, uitembeze polepole juu ya gari. Inaposhika kwa nguvu kuna bati. Inapolegea kuna puti nene, ile lipu ya kujazia mabonde. Inapoanguka, ama puti imejaa mno au hakuna bati kabisa. Yangu ilianguka chini ya mlango wa dereva na nyuma ya taa zote mbili za mbele. Ukipata kipimo cha unene wa rangi cha kuazima, rangi ya kiwandani husoma takriban mikroni 100 hadi 150. Mlango wangu mmoja ulisoma zaidi ya 600.

Pili, tafuta mahali padogo pasipoonekana, usugue kwa msasa laini wenye maji hadi ufike kwenye bati. Utaona duara ndani ya duara, kila rangi na pete yake, kama kisiki kilichokatwa. Gari la mjomba lilinionyesha nyeupe, chini yake bluu, chini yake nyeupe nyingine, na mwishoni ile rangi ya mchanga ya kiwandani. Wala hakuwahi kusimulia kwamba gari lilikuwa bluu. Huenda lilipigwa kabla hajalinunua.

Tatu, lowesha kitambaa kwa thina kali ya kupigia rangi na ukishikilie juu ya rangi kwa dakika moja. Rangi ikiyeyuka na kupaka kitambaa, hiyo ni duko, rangi ya zamani inayokauka kwa thina kuruka tu, na itakutoka kwa urahisi. Ikikaa kimya, ni rangi ya hadina, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, na hapo jiandae kwa jasho. Matokeo ya kipimo hiki yana jambo jingine la kuzingatia: duko halisi ni selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki, na vumbi lake kavu hushika moto haraka sana. Usikusanye kilima cha vumbi hilo karibu na grainda inayotoa cheche.

Andika kumbukumbu kabla ya kugusa

Piga picha za kila kiungo, kila mpira, kila klipu ya ukanda wa kromu. Kibao chenye namba ya gari kifunike kwa tepu tabaka tatu, pamoja na namba iliyogongwa kwenye bodi. Namba ya chesisi ikiliwa na msasa utakuwa na gari zuri lisilo na karatasi. Ukikusudia kubadilisha rangi, kumbuka kwamba kitabu cha gari kimeandika rangi, nayo mabadiliko yatabidi yafikishwe NTSA kwa walio Kenya au TRA kwa walio Tanzania.

Sampuli ya rangi ya asili usiitafute juu ya boneti, jua limeshaila. Itafute chini ya zulia, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, au chini ya mpira wa buti. Kata kipande chenye ukubwa wa sarafu kwa wembe, ukihifadhi kwenye bahasha gizani. Mchanganyaji rangi atakushukuru.

Mahali pa kazi na mwili wako

Rangi za magari za zamani, hasa za njano, nyekundu na chungwa, pamoja na praima nyekundu za kale, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead). Risasi haina harufu, haiwashi, na mtoto mdogo hudhurika nayo zaidi kuliko mtu mzima, hata kwa kipimo kidogo sana. Kwa hiyo ua ambao watoto wanachezea si mahali pa kazi hii. Mimi nilihamia karakana ya rafiki. Nguo za kazi huvuliwa mlangoni, hazifuliwi pamoja na za nyumbani, na mikono huoshwa kabla ya kushika kikombe. Wenzangu waliniona najitia uzungu. Sawa.

Barakoa ya kitambaa, ile tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii vumbi hili wala mvuke wa dawa. Kwa vumbi unahitaji barakoa ya chembe ndogo inayobana uso; kwa mvuke unahitaji ile yenye vichujio vya mkaa. Ndevu nyingi huifanya ivuje. Miwani ya kinga iwe ya kuziba pande zote. Glovu nyembamba za hospitali huyeyuka kwenye dawa ya kutoa rangi ndani ya dakika chache, kwa hiyo nunua zile nzito za kemikali zinazofika karibu na kiwiko.

Toa betri. Tenki la mafuta, kama linatoka, litoke.

Kuhusu majira: ukiweza kuchagua, fanya kazi hii Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua imeisha. Masika sahau kabisa.

Fungua vyote

Bampa, taa, vishikio vya milango, nembo, vioo vya pembeni, mipira yote. Watu huacha kioo cha mbele kwa kuogopa kukivunja, kisha huzungushia tepu. Kwenye 504 hapo ndipo kutu hupenda kulala, chini ya mpira wa kioo, na hutaiona mpaka itokeze tena juu ya rangi mpya baada ya mwaka. Kata mpira wa zamani kwa wembe ukitokea nje, kioo kitatoka bila kupigana. Mpira mpya utaununua tu, wa zamani hata hivyo ulishakauka.

Madigadi ya mbele ya 504 yamefungwa kwa bolti, hayakuchomelewa. Yafungue. Bolti zilizokwama zinyweshe mafuta ya kupenyeza jioni, uzirudie asubuhi, na uzigeuze mbele kidogo na nyuma kidogo. Kila kundi la bolti liwe na kopo lake lenye maandishi. Boneti na kifuniko cha buti navyo vishushwe. Sasa una vipande ambavyo unaweza kuvivua kimoja kwa siku juu ya meza, huku bodi kubwa ikiwa bado na nguo zake za zamani. Ndiyo faida kubwa ya gari lenye sehemu za bolti.

Njia nne, na moja ambayo watu huipenda mno

Kuna dawa, kuna msasa, kuna moto, kuna kupiga mchanga.

Nianze na mchanga kwa sababu kila mtu atakushauri hivyo. Utaambiwa peleka kwa wanaopiga mchanga vyuma vya meli, saa mbili kazi imekwisha. Ni kweli itakwisha. Chembe zikilipiga bati upande mmoja kwa nguvu, hulitanua upande huo kama nyundo ndogo milioni moja, na bati lisilofika hata milimita moja unene halina pa kwenda ila kuvimba. Watu hudhani ni joto. Joto lipo kidogo, lakini kinachopinda bati hasa ni hivyo vipigo. Boneti ya 504 ni pana na imelala, na paa ni hivyohivyo. Zikishavimba hulia *ponko-ponko* ukizibonyeza kama kifuniko cha debe, na fundi bodi wa kuzirudisha utamtafuta kwa tochi. Niliona boneti moja iliyofanyiwa hivyo, mwenyewe ameiegemeza ukutani hajui aifanye nini.

Kisha kuna mapafu. Mchanga wa kawaida una silika, na vumbi lake likivutwa huacha makovu ya kudumu kwenye mapafu. Uingereza ilikataza mchanga kwa kazi hii zaidi ya miaka 70 iliyopita. Kama ni lazima, tumia garneti au glasi iliyosagwa, kwa presha ndogo, bomba likielekezwa kwa pembe na si kwa kulikabili bati, na kwa sehemu nene tu: sakafu, ndani ya matao ya magurudumu, bawaba, mikono ya chini, rimu. Huko mchanga hauna mpinzani. Juu ya ngozi ya gari, hapana.

Moto wa bomba la hewa moto unafaa kulainisha lami ya chini ya gari na gundi ya mazulia. Kwenye rangi huleta moshi wenye risasi na bati lililopinda. Niliuacha.

Yanabaki dawa na msasa, na jibu langu ni vyote viwili: dawa kwa maeneo mapana, msasa kwa kingo na mikunjo.

Lakini dawa gani

Soma kopo. Ukiona methilini kloridi, ambayo pia huitwa dikloromethani na ina namba ya utambulisho 75-09-2, hiyo ndiyo dawa ya zamani yenye nguvu inayofanya rangi ikunjamane mbele ya macho yako. Pia ndiyo iliyoua watu waliokuwa wakisugua mabafu kwenye vyumba vilivyofungwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Mwili huugeuza kuwa kaboni monoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa ndani ya chumba. Vichujio vya mkaa haviushiki kwa muda wa kutegemewa. Huchemka kwa nyuzi takriban 40 tu, kwa hiyo kopo lililoachwa juani Mombasa hufunguka kwa kishindo na kukurushia usoni. Marekani ilikataza kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshafanya hivyo kabla. Kwetu bado utaikuta rafuni. Siigusi tena.

Zilizo salama zaidi hutumia alkoholi ya benzili. Ni za polepole, saa kadhaa badala ya dakika 15, na hukauka upesi kwenye joto letu usipozifunika. Lakini kazi hii tunaipangia siku nzima, haraka ya nini?

Wapo wanaotumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, kwa kuwa ni rahisi. Kwa bolti na mabano madogo ya chuma ndani ya ndoo, sawa, ukijikinga macho. Kwenye bodi huingia kwenye mishono na kubaki huko miaka. Na hapa ndipo habari ya Land Rover ya zamani inapoingia: bodi yake kubwa ni aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita vya pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kostiki soda huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Hata brashi ya waya wa chuma usiitumie juu yake, maana huacha chembe za chuma zinazozaa kutu na kuila alumini ilipogusana nazo.

Siku ya kuvua

Anza na kifuniko cha buti. Ni kidogo, kinatoka, na ukikosea hakiangaliwi kama boneti.

Kilaze juu ya meza kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Zungushia tepu ya karatasi kingo zote, upana wa vidole viwili, ili dawa isiingie kwenye mkunjo ambako bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani. Dawa iliyonaswa humo hutokeza miezi baadaye na kuinua rangi mpya kwa malengelenge, nawe utamlaumu fundi rangi bure. Kwaruza uso wote kwa msasa namba 40 au 60 kwa mkono, michirizi ya msalaba, ili dawa ipate njia ya kupenya.

Sasa mimina dawa na uitandaze kwa brashi kuukuu, nene kama siagi juu ya mkate wa mtu asiyelipa mwenyewe. Elekea upande mmoja. Usirudi nyuma na brashi. Juu ya dawa hutanda utando unaozuia mvuke usitoroke, na ukiusugua unaupasua. Funika kwa karatasi ya nailoni, bonyeza mapovu yatoke, uende zako. Dawa za polepole nilizipa saa mbili, mara nyingine nne.

Kipimo cha kujua imeiva: inua pembe ya nailoni, sukuma kwa ncha ya skrepa. Rangi ikijikunja kama ganda la ndizi, iko tayari. Ikipinga, ifunike tena. Ukilazimisha utalichora bati, na michoro hiyo utailipia kwa puti.

Tumia skrepa ya plastiki, au ya chuma uliyoizungusha pembe zake kwa tupa. Sukuma tope moja kwa moja ndani ya kopo la chuma. Tabaka la pili la dawa huondoa kilichobaki, kwa kawaida praima ya kiwandani, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ikiwa praima hiyo imeshika bati bila doa la kutu chini yake, usiione adui. Nimeiacha sehemu nyingi za ndani ya milango.

Osha kama kopo linavyoelekeza. Zile za kuoshwa kwa maji, tumia maji matamu ya mfereji. Maji ya kisima ya huku pwani yana chumvi, na chumvi ikibaki juu ya bati hunyonya unyevu chini ya rangi mpya hadi ipasuke. Kausha papo hapo kwa kitambaa na hewa ya kompresa, ukipuliza kila mkunjo.

Ondoa tepu. Kingo zilizobaki na rangi zimalize kwa mkono na msasa namba 80, kisha uso wote uupitie kwa sanda ya duara, yaani mashine ya kusugulia msasa, yenye namba 80 na kumalizia na 180. Mikwaruzo hiyo ndiyo meno ya kushikia praima. Bati laini kama kioo halishiki kitu. Diski za sponji ngumu nyeusi zinafaa sana kwenye mabonde ya kishikio na taa. Grainda yenye diski ngumu ya kusagia palipochomelewa iache kabatini: hula bati, hulichemsha mahali pamoja, na kwenye kingo zilizochomoza hutoboa kabla hujashtuka.

Gari linapoanza kusema

Rangi ikishuka utajua historia ambayo muuzaji hakukwambia. Puti ya waridi au kijivu nene kama kidole ni ajali ya zamani. Itoe yote, hata ikiwa imeshika. Nene kuliko milimita tatu hivi itapasuka siku moja, na chini yake mara nyingi kuna bonde ambalo lingenyooshwa kwa nyundo na kibao ndani ya nusu saa. Nyuma ya taa zangu puti ilikuwa imemwagwa juu ya gazeti lililokunjwa na kushindiliwa kwenye tundu. Gazeti lilisomeka bado. Nilikaa chini nikalisoma.

Kwenye maungio, hasa paa linapokutana na nguzo, magari ya enzi hizo yaweza kuwa na kijivu laini kinachong'aa, kinachochoreka kwa kisu. Hiyo ni risasi ya kiwandani ya kujazia mshono. Usiisage kwa sanda na usiipashe moto. Kama haijapasuka, iache. Safisha juu yake kwa mkono na maji.

Kutu ya juujuu ikwangue kwa diski ya sponji hadi bati jeupe. Iliyochimba mashimo madogo meusi haitoki kwa msasa bila kumaliza bati. Hapo dawa ya asidi ya fosforiki inafaa, ila ina masharti: usiiache ikakauka yenyewe, iloweshe tena na kuifuta kama maelezo yanavyosema, kwa kuwa masalia yake huzuia praima ya epoksi kushika. Na palipotoboka ni pa kuchomelea bati jipya. Chini ya milango na kwenye mbavu za chini za 504, usishangae.

Kumbuka saa. Kama kutu au puti imekula siku yako yote, usiguse kipande kingine.

Kuvika

Saa nane mchana iwe ndiyo mwisho wa kuvua. Puliza vumbi, kisha futa kwa dawa ya kuondoa grisi ukitumia vitambaa viwili: kimoja chenye maji ya dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla haijakauka. Kitambaa kimoja husambaza mafuta tu. Kuanzia hapa bati halishikwi kwa mkono mtupu, kwani jasho la kiganja ni chumvi.

Praima ya kwanza juu ya bati tupu iwe epoksi ya makopo mawili. Hii ndiyo inayoziba maji. Praima nene ya kijivu ya kujazia mikwaruzo inanyonya unyevu kama mkate, na ikiachwa peke yake miezi mitatu juu ya bati, kutu hulala chini yake huku wewe ukidhani umefunika. Redi oksaidi ya mageti nayo ina kazi yake kwenye mageti. Ukija kupiga rangi ya hadina juu yake, thina kali huikunja kama ngozi ya maziwa. Najua epoksi ni ghali mara kadhaa. Gharama yake niliipima kwa siku zile tisa.

Changanya kwa kipimo cha kopo, si kwa jicho, na kama limeandika usubiri dakika kadhaa kabla ya kupuliza, subiri. Kwa joto letu mchanganyiko huanza kuganda mapema, kwa hiyo changanya wa kipande kimoja tu. Matabaka mawili, ukiacha muda wa kati ulioandikwa. Ingiza pia ndani ya mikunjo kwa brashi ndogo, pale bunduki ya kupulizia rangi isipofika. Malizia kabla ya saa kumi na moja: jioni bati hupoa kuliko hewa, umande usioonekana hutua juu yake, na praima iliyopigwa juu ya umande huo itabanduka kama karatasi. Ukigusa mahali pa pembeni ukahisi ubaridi wenye unyevu, weka bunduki chini. Heri kulala na bati tupu ndani ya chumba kikavu usiku mmoja na kulipitia tena kwa msasa asubuhi.

Puti mpya yaweza kwenda juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa. Hivyo bati halifunguliwi tena.

Kifuniko cha buti kilinichukua siku moja. Boneti moja. Kila mlango siku mbili, kwa ajili ya yale mashimo. Madigadi manne, siku nne. Bodi iliyobaki niliigawa kwa tepu: paa siku moja, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, nyuma. Jumla kama siku 18 za kazi, dhidi ya zile siku mbili na nusu za mwanzo.

Tope

Tope la dawa na rangi liache likauke ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, nje, mbali na jua na moto. Vitambaa vyenye dawa vikunjuliwe na kukaushwa kimoja kimoja kabla ya kutupwa humo. Usichome, moshi wa rangi yenye risasi huishia vifuani mwa jirani. Usimwage kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro yetu mingi inaelekea mkondo wa Tudor na samaki wake tunawala wenyewe. Kenya kuna wabebaji wa taka hatari wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Karakana kubwa za rangi huwa na mkataba nao, na mara mbili niliomba makopo yangu yaondoke pamoja na yao. Nililipia soda ya vijana waliopakia. Sakafu iliyobaki ilowesheni maji kwanza, ndipo mfagie.